Mkurugenzi Aliyefukuza Wateja

Bariadi tulikuwa na wakurugenzi wawili. Wa kwanza alikuwa wa halmashauri, mwenye gari la serikali, katibu muhtasi na watu wanaomsubiri kwenye benchi tangu asubuhi. Wa pili alikuwa jirani yangu. Tulitenganishwa na ukuta mmoja wa tofali. Upande huu palikuwa na duka langu la steshenari, upande ule chumba chenye meza, kompyuta mbili, kiyoyozi ambacho sikuwahi kukisikia kikiunguruma, na juu ya mlango kibao cha bluu chenye jina la kampuni yake. Fundi aliyekichora alikosea vipimo. Jina la kampuni likatoka dogo, na chini yake maneno OFISI YA MKURUGENZI yakatoka makubwa kiasi cha kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Jirani yangu alikitazama kibao, akasema si hoja.

Ikawa hoja muda wote aliokaa pale. Watu waliotoka vijijini walishuka stendi, wakaulizia ofisi ya mkurugenzi, na vijana wa bodaboda, kwa nia njema kabisa, wakawaleta mlangoni kwake. Nakumbuka mzee mmoja aliyekuja na mgogoro wa mpaka wa shamba. Aliingia, akavua kofia, akasema, "Mwadila, Mkurugenzi."

"Mwadila," akajibiwa. Kisukuma cha jirani yangu kilianzia hapo na kuishia hapo.

Mzee akaketi, akaeleza kila kitu: jirani yake, mkonge wa mpakani uliong'olewa, mtendaji wa kijiji aliyeahidi kuja kupima. Alipomaliza, jirani yangu akamwambia kwa upole, "Mzee wangu, mimi siye mkurugenzi unayemtafuta. Mimi nashughulika na sarafu za mtandaoni."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. "Sawa, baba. Sasa huo mpaka?"

Basi walikuja wote wawili dukani kwangu. Barua ikaandikwa, nikaichapa, mzee akaelekezwa ofisi sahihi na hata jina la karani wa kumwona. Mavuno yalipofika alirudi na mbuzi wa shukrani, akamfunga kwenye nguzo ya antena, na kwa siku nzima intaneti ya kampuni ikawa inakuja na kukatika kila mbuzi alipozunguka. Sisi wapangaji wa jengo lile tulimwita Mkurugenzi kwa utani mwanzoni. Baadaye utani uliisha, jina likabaki.

Kazi yake hasa ilikuwa hizo sarafu za kidijitali ambazo watu huziita kripto. Alianza nayo Dar es Salaam, yeye na wenzake wachache, katika kampuni waliyoiunda wenyewe. Alinieleza habari hiyo mara moja tu, tukiwa tumekaa nje umeme umekatika. Kampuni ilipoanza kusikika, wenzake walitaka itoe sarafu yake yenyewe na kuiuzia watu. Yeye akauliza sarafu hiyo itafanya kazi gani. Wakamjibu kwamba kazi yake ni kupanda bei. Akauliza tena, safari hii mbele ya watu waliotaka kuweka mtaji, na huo ukawa mwisho wa ushirika wao. Wenzake walinunua magari. Yeye mke wake, ambaye ni nesi, akahamishiwa mkoa wa Simiyu, naye akapanda basi kumfuata. Mwanamume kumfuata mke aliyehamishwa kazi ni jambo ambalo mjini kwetu lilijadiliwa kwa kina kuliko kripto ilivyowahi kujadiliwa.

Wateja wake wa kweli walikuwa wafanyabiashara wa sokoni, wale wanaoagiza vitenge na spea za pikipiki kutoka China. Mtu alimletea shilingi, yeye akazigeuza kuwa dola za mtandaoni, na kabla mteja hajamaliza soda aliyopewa, muuzaji wa huko mbali alikuwa ameshatuma ujumbe kwamba amepata. Ilikuwa kazi safi na ilimpa kula. Lakini yeye aliiona ndogo. Ndoto yake ilikuwa mkulima wa pamba, alipwe palepale mzani unapotulia, bila kusubiri mtu yeyote.

Alikwenda kwa wakulima wa Dutwa kuionyesha ndoto hiyo, na mimi nikaenda naye kwa sababu alihitaji mtu wa kutafsiri. Alieleza vizuri, kwa picha kubwa alizozichapa kwangu. Watu walisikiliza kwa heshima. Mwishoni mkulima mmoja akauliza, "Nikishalipwa hiyo, nikataka chumvi?"

Mkurugenzi akaeleza kuhusu chumvi. Alieleza muda mrefu, na kila hatua ilikuwa kweli. Yule mkulima akasubiri mpaka mwisho, kisha akasema, "Nimekuelewa sana. Ila duka la chumvi ni lile pale, na mwenye duka hajakuelewa."

Tukiwa njiani kurudi hakukasirika. Alisema lile ndilo swali bora alilowahi kuulizwa tangu aanze kazi, kwamba Dar es Salaam watu walivaa suti na hawakuwahi kulifikia.

Alikuwa mtu wa kusema jambo moja na kuishi jingine. Alihubiri kwamba karatasi imekufa, naye ndiye aliyekuwa mteja wangu mkubwa wa fotokopi. Alisema fedha ya kesho haitahitaji kuta wala makufuli, na mlango wake ulikuwa na nondo nene kuliko za sonara. Msemo wake mkuu, aliokuwa ameubandika hata ukutani, ulikuwa "Hatumwamini mtu, tunaamini hesabu." Chini ya msemo huo huo alimwachia mgeni asiyemfahamu simu yake apige, akamkabidhi bodaboda bahasha ya kodi ya nyumba, na funguo za zile nondo aliziacha kwangu kila alipokwenda msikitini. Siku moja nilimuuliza kama mimi ni hesabu. Akasema mimi ni jirani, hilo ni jambo lingine.

Lakini lililomtofautisha na kila mfanyabiashara niliyewahi kupakana naye ni namna alivyowapokea watu wa kawaida, wale waliosikia kwamba sarafu hizi zinatajirisha na wakaja na hela mkononi. Aliwakaribisha, akawapa kiti, akawauliza swali moja: "Hela ya nini?"

Hakuwa anauliza imetoka wapi. Alikuwa anauliza ilikuwa ifanye nini kabla haijaja kwake. Mtu akisema ni ada ya mtoto, alirudishwa nyumbani. Akisema ni ya mbegu na dawa ya pamba, alirudishwa pia. Kijana mmoja alidanganya kwamba hela yake haina kazi. Mkurugenzi akamuuliza maswali mawili matatu ya kawaida, ikajulikana kuwa ni mahari, kijana akaondoka amekasirika. Kupitia ukuta wetu nilisikia mengi ya namna hiyo, na kwa jinsi ninavyojua biashara, nilimhurumia mwenye nyumba wetu.

Mama Kabula, muuza mchele wa pale sokoni, alikuja akiwa ameuza ng'ombe. Nilikuwepo, nimepeleka karatasi.

"Hela ya nini, mama?" akaulizwa.

"Ya bati. Lakini bati linaweza kusubiri. Nataka izae kwanza."

"Nyumba inavuja?"

"Inavuja."

"Basi kanunue bati. Hizi sarafu zinapanda na zinashuka. Bati nalo lina bei yake, lakini likishakaa juu limekaa."

"Wewe unauza kitu gani hasa?" Mama Kabula akauliza.

"Ninauza hizi sarafu."

"Na unanikataza nisinunue."

"Nakukataza wewe, mwenye nyumba inayovuja."

Mama Kabula alitoka, akanitazama, akasema kwa Kisukuma kwamba huyu baba atakufa maskini. Mke wake Mkurugenzi, siku nilipomsimulia, alicheka sana. Alisema mume wake ni mfanyabiashara anayerudi nyumbani na furaha kwa sababu hakuuza. Alisema hivyo bila uchungu, ingawa miezi mingi kodi ya ile ofisi ilitoka kwenye mshahara wake wa unesi.

Kisha wakaja watu wa Kila Siku. Sarafu yao ilikuwa na jina refu la Kizungu, lakini watu waliiita Kila Siku kwa sababu iliahidi kulipa kila siku. Walikuja na pikapu yenye spika, vijana wa kiume na wa kike wenye fulana nyeupe zilizopigwa pasi, wakakodi ukumbi, wakagawa maji ya kunywa baridi. Mume wangu, dereva wa lori la pamba, alikwenda siku ya kwanza kwa ajili ya maji na akarudi na ndoto.

Mkurugenzi alikwenda siku ya pili. Aliketi katikati ya watu, na muda wa maswali ulipofika akasimama. "Naomba kujua, hiyo faida ya kila siku inatoka wapi?"

Kijana aliyeshika maikrofoni alitabasamu. "Mzee, wewe kwani unafanya kazi gani?"

"Nauza sarafu za kidijitali."

Ukumbi mzima ukacheka. Kijana hakuhitaji kusema lingine. Kila mtu alielewa kilichomleta pale, nacho kilikuwa wivu wa biashara.

Kesho yake alibandika tangazo mlangoni, likiwaonya watu kwa maneno mepesi, na akasimama nje akiwaeleza waliopita. Nilimwambia aache. Nilimwambia watu hawamsikilizi mtu anayewazuia kupata. Akanijibu, "Jirani, miaka yote nawaambia hii ni teknolojia ya kweli. Wakiibiwa kwa jina lake, nitawaambia nini?" Nyumbani mume wangu alisema jirani yangu ana roho mbaya, na kwamba mtu mwenye elimu kiasi kile asiye na hata ndama hawezi kumfundisha yeye habari za mali. Kwa wiki kadhaa Kila Siku ililipa kweli. Mume wangu alinunua redio mpya kwa faida yake, akaileta dukani kwangu na kuiwasha kwa sauti ya juu upande wa ukuta ule.

Halafu asubuhi moja simu hazikufungua tena ukurasa wa Kila Siku. Watu walikwenda kwenye nyumba ya wageni walipokuwa wanalala wale vijana, wakakuta vitanda vimetandikwa. Wakaenda ukumbini, umefungwa. Sasa, watu walioibiwa wanahitaji mahali pa kwenda, na mjini Bariadi palikuwa na mlango mmoja tu ulioandikwa habari za sarafu, na juu yake kibao kinachosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Wakaja.

Nilikuwa nafungua duka nilipowaona wanajaa. Hawakupiga kelele. Walisimama tu, wengi, wamebana. Mume wangu alikuwa mbele kabisa, jiwe mkononi, amesimama hatua chache kutoka kwenye ukuta ambao upande wake wa pili ulikuwa na mashine yangu ya fotokopi.

"Baba watoto," nikamwambia, "hilo jiwe ukilirusha linaingia kwangu."

Akalishusha kidogo, hakuliacha.

Mkurugenzi alikuwa ndani, ananywa chai. Nilimwonyesha kwa mkono abaki hukohuko nyuma ya nondo. Akafungua. Alisimama mlangoni na kikombe chake, chai inamwagika kwenye kiatu, naye hakuangalia chini.

"Tupe hela zetu," mtu mmoja akasema.

"Sina hela zenu," akajibu. "Lakini ingieni mmoja mmoja, tuandike ni nani alitoa nini na alimpa nani, tupeleke polisi."

"Ninyi ni wamoja. Sarafu ni sarafu."

Watu wakasogea. Ndipo Mama Kabula alipopita katikati yao, bado na kikombe chake cha kupimia mchele mkononi, kwa kuwa habari zilimkuta anapima. Akasimama kati ya Mkurugenzi na mume wangu.

"Huyu," akasema, "nilimletea hela ya ng'ombe wangu. Nilimwekea mezani. Akaikataa. Nilimtukana moyoni. Nikaenda kununua bati, nalo lipo, nendeni mkaliangalie. Mwizi gani anakataa hela iliyo mezani?"

Kisha sauti ya kijana ikatoka nyuma, ya yule wa mahari. "Mimi pia alinikatalia." Akasema kama mtu anayekiri aibu. Mwanamke mwingine akasema alikataliwa hela ya mbegu. Mwingine, ada. Wakawa wanajitokeza mmoja mmoja, wote watu waliotoka ofisini mle wamenuna, na ikaonekana kwamba jirani yangu, kwa miaka yote ile, alikuwa amejijengea jeshi la watu waliomkasirikia. Mume wangu aliweka jiwe chini taratibu, akafuta mkono kwenye suruali, akaniuliza kama kuna chai nyumbani.

Polisi walifika watu wakiwa wameshaanza kupanga foleni ya kuandikisha. Walimchukua Mkurugenzi kwa maelezo kwa sababu yeye ndiye aliyejua ni vitu gani vya kuulizwa. Aliketi mbele ya gari, akawaeleza njia nzima jinsi ya kufuatilia fedha zilikopitia. Akarudishwa mchana. Hata hivyo, kilichoonekana na waliokuwa mbali ni mtu anayeingia kwenye gari la polisi, na hicho ndicho walichosimulia. Wafanyabiashara wa vitenge na spea, wateja wake wa kweli, hawakupenda kuonekana tena kwenye ofisi ya namna hiyo. Walihama kimya kimya.

Badala yao wakaja wengine. Walikuwa watu wa vijijini, waliosikia kwamba Bariadi kuna mtu asiyeiba, na waliuza hata mifugo kuja kumpa fedha awatunzie. Aliwauliza hela ya nini, wakacheka kwa furaha, maana hilo ndilo swali walilokuja kulisikia. Alivyozidi kukataa ndivyo walivyozidi kumwamini. Mzee mmoja alimwambia wazi, "Tunajua utakataa, baba. Ndiyo maana tumekuja."

Alikaa hivyo msimu mmoja. Halafu siku moja alikuja dukani, akanikabidhi karatasi zake zote nyeupe zilizobaki, akasema anafunga. Nikamuuliza kama amechoka. Akasema hapana, ila amegundua biashara yake inategemea uso wake, na yeye alitoka Dar es Salaam kujenga kitu ambacho hakimtegemei mtu yeyote. Alicheka aliposema hivyo, lakini macho hayakucheka. Kibao kilishushwa. Kwa muda mrefu baadaye bado walikuja watu na migogoro ya mashamba, nami nikawaandikia barua.

Nilimwona tena mwaka huu, Dutwa. Nilikuwa natoka Mwanza na maboksi yangu ya karatasi, basi likapata pancha, abiria tukatawanyika kutafuta chakula. Nikaingia kwenye hoteli ndogo karibu na barabara, nikamkuta ameketi peke yake mbele ya sahani ya ugali na sato. Amenenepa. Alivaa fulana yenye nembo ya kampuni kubwa ya Dar es Salaam ya hizo hizo sarafu, na nje palikuwa na gari lenye nembo ileile na dereva amelala ndani.

"Jirani," akasema, akanivutia kiti. Tulisalimiana kirefu. Mke wake hajambo, amepanda cheo. Yeye ameajiriwa, ni mkuu wa elimu kwa wateja. Nilimpongeza. Alishukuru kama mtu anayepokea pole.

Tukiwa tunakula, redio ya pale hotelini ikaleta tangazo. Sauti nzito, tulivu, inayoaminika: kesho yako inaanza leo, usiachwe nyuma, fungua akaunti sasa. Nilisimamisha tonge hewani. Nilikuwa nimeisikia sauti ile kupitia ukuta kwa miaka.

"Ni wewe," nikasema.

"Sauti ni yangu. Maneno niliandikiwa."

Dada aliyetuhudumia, msichana wa umri wa kuolewa, alikuwa anaweka maji mezani. Aliinua kidole kuelekea redioni. "Mimi nimeingia juzi kwa ajili ya tangazo hilo," akasema. "Yule baba anaongea mpaka unaelewa."

Mkurugenzi aliacha kula. Akanawa mkono, akaukausha vizuri, akamwomba dada akae kidogo. Akamuuliza, "Hela ilikuwa ya nini?"

"Ya cherehani. Nimeshampata fundi wa kunifundisha, naanza mwezi ujao."

"Naomba simu yako. Shika wewe mwenyewe, mimi nitakuelekeza."

"Kwani kuna ubaya?" dada akauliza. "Ni matapeli?"

"Hapana. Kampuni ni ya kweli na hela yako ipo. Ila bei ikishuka mwezi ujao, fundi atakusubiri?"

Dada akafikiri. Kisha akaitoa simu. Mkurugenzi akamwelekeza polepole, hatua kwa hatua, bonyeza hapa, sasa pale chini palipoandikwa Toa, weka namba yako ya siri, mimi sitazami. Redio ilikuwa imelirudia tangazo, na kwa muda sauti mbili za mtu mmoja zilikuwa ndani ya chumba kile, moja inamwita aingie, nyingine inamtoa. Simu ikalia. Hela ilikuwa imerudi. Dereva akapiga honi. Mkurugenzi akalipa chakula chake na changu, akanishika mkono kwa muda, akasema nimsalimie mume wangu, akaenda.

Dada alibaki amesimama na simu yake, anakitazama kioo.

"Sauti yake imefanana na ya yule wa redioni," akaniambia.

Nikamwambia ndiyo, zimefanana.

"Ila yule wa redioni," akasema, akianza kukusanya sahani, "anaonekana ana uhakika na anachosema."